Ya Nne Ilisema Pfu

Ya kwanza, pa. Ya pili, pa. Ya tatu, pa,
na karatasi ya shabaha ikatikisika kule ukingoni
mbele ya miwa.
Ya nne ilisema pfu.

Kama mtu anayepuliza uji.
Kama mlango wa ofisi ya malipo ukifungwa taratibu
ili usijue umefungwa.
Bastola haikuruka mkononi. Moshi mwembamba
ulijikunja kando ya silinda,
na Kabagenyi, Abwooli wetu, mwenye haraka ya kufaulu,
akadhani aliyekosea ni yeye.
Kidole kikarudi kwenye kifyatulio.

Acha!

Sijui sauti ile niliitoa wapi.
Korongo wote wakaruka kutoka jalala la jikoni.
Nikamwendea kwa nyuma, nikamshika kifundo cha mkono,
mtutu ukitazama udongo mwekundu.
"Afande, nimefanya nini?"
"Bado," nilisema. "Hujafanya bado."

Watu huuliza mtutu una nguvu kiasi gani.
Unazo. Chuma kilichopitishwa motoni na mafutani,
ukikanyage kwa lori.
Maelfu ya risasi hupita humo wala haulalamiki,
lakini zinapita. Nguvu zake zote ni hizo,
kupitisha.
Uzibe kwa kitu cha urefu wa kucha ya kidole gumba,
kisha tuma nyingine nyuma yake,
uone chuma kinavyotuna kama nyoka aliyemeza panya,
au kinavyomenyeka kama ndizi
mbele ya uso wako.

Anguzu, aliyenifundisha kazi hii kule Arua,
huhesabu chenji kwa vidole vitatu.
Yeye pia alisikia pfu. Mvua ilikuwa inakuja, akaharakisha.
Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu.
Hawakusema kwamba mshindo
huja na risasi ya pili.

Karakana, baada ya posho na maharage.
Nilifungua silinda: maganda manne, risasi mbili nzima.
Nikamulika mtutu kwa tochi ya simu,
upande wa pili giza.
Fimbo ya shaba, nyundo ya mbao, tone la mafuta,
gonga, sikiliza, gonga,
ikadondoka kiganjani, butu, nzito kuliko ukubwa wake,
mistari ya mtutu imeichora ubavuni
hadi pale safari ilipoishia.

Ganda lake lilikuwa safi ndani.
Fataki ilipasuka. Baruti haikugoma kuwaka;
haikuwekwa.

Risasi za mazoezi tunajaza wenyewe.
Kwenye kisanduku kuna tarehe, mwandiko wangu, Jumanne.
Naijua Jumanne ile.
Umeme ulikatika saa mbili usiku, mizani iko mezani,
simu ikalia kutoka nyumbani. Mama.
Kaka yangu hakumaliza sentensi.
Mimi nikasema "sawa," mara mbili,
nikailaza simu kifudifudi,
nikawasha mshumaa mbali na kopo, nikaendelea kujaza.
Hakukuwa na mtu wa kuniambia acha.

Jioni harufu ya molasi ilishuka kutoka Kinyara.
Abwooli akasimama mlangoni, kofia mkononi,
kuuliza kama amefeli.
Nikampa ile risasi aishike.
"Ndogo hivi?"
"Ndogo hivyo."
Aliigeuza geuza, akairudisha kwa mikono miwili
kama mtu anayerudisha kikombe cha mgeni.

Nikafungua daftari, nikaandika kwa wino:
Risasi moja. Haikuwa na baruti. Mtutu salama.
Mjazaji: Sajini Driciru.
Kwenye safu ya Sababu kalamu ikasimama.

Uwanjani kuruta walikuwa wanahesabu hatua,
kushoto, kulia, kushoto.
Nikapiga simu Arua.
Kaka alipopokea nilifungua mdomo,
na kwanza
ikatoka hewa tu.