Kiganja cha Vidole Vinne

Ingegerd amemaliza kuuvua mlango rangi.
Wiki tatu za msasa. Buluu ile
aliyoichagua baba mwaka sitini na mbili
imelala sakafuni, vumbi la kufagiwa,
na chuma kiko uchi,
kinang'aa kama samaki aliyeparuliwa magamba.
Novemba ya Lysekil inakichungulia
kwenye kila ufa wa banda.

Hapa bahari haina haja ya kufika.
Huituma chumvi kwa upepo,
chumvi ikapanda kilima, ikapita chini ya mlango,
na asubuhi, palipokuwa na fedha,
pana wekundu mwembamba,
kama shavu la mtu aliyesingiziwa.

Haya anayajua.
Jiko la mafuta ya taa haliwashi:
moto wake hupumua maji.
Chuma anakifuta kwa spiriti, anakifunika shuka kavu,
na glavu havui, hata anapokunywa kahawa.
Mkono mtupu haulambwi, twasema sisi.
Chuma kitupu hakijaisikia methali hiyo:
huulamba kila mkono
na ladha yake hakisahau.

Alhamisi anafunua shuka.
Karibu na kitasa, kiganja.
Cha kutu. Kipana. Hakikupapasa,
kiliegemea.
Gumba, shahada, cha kati, cha mwisho.
Cha pete hakipo.

Cha pete kilibaki Munkedal, kwenye msumeno,
Sixten akiwa na miaka kumi na tisa.
Sixten, kaka yake,
aliyesema mbele ya mwanasheria:
pelekeni kwa mnunuzi wa vyuma chakavu,
mtalipwa kwa kilo.
Sixten ambaye tangu mazishi
hajatia mguu hapa.
Ndivyo alivyodhani.

Anahesabu. Jumapili, basi. Usiku.
Gizani, bila taa, shuka akalifunua
na akalirudisha vizuri kuliko alivyolikuta.
Na mpita njia
haegemei hivyo.

Angeweza kukiacha.
Lakini kutu haijui kumbukumbu ni nini,
ukiionea huruma inakula mlango.
Anamimina asidi, anasugua;
vidole vinakuwa vyeusi,
vinakuwa kijivu,
vinakuwa mlango.
Anakausha. Anachanganya praima,
anapuliza kabla saa haijageuka.
Mafundi huita mkono:
mkono wa kwanza, subiri,
mkono wa pili.
Anasubiri. Mvua inaanza kwenye bati.

Boneti bado iko tupu, chini ya shuka.
Jioni anaondoka, ufunguo kauacha kitasani.
Kwenye msumari, kando ya glavu zake,
ametundika jozi nyingine, ya ngozi, kubwa.
Ya kulia, kidole kimoja
amekikunja ndani
akakishona.