Zamu ya Maji

Chupa inaning'inia juu yangu, ndogo kuliko ya soda.
Kilichomo si damu, si maji:
manjano hafifu, kama chai ya mtu anayebana majani.
Nesi Apaikunda anahesabu matone kwa saa ya mkononi,
midomo ikimcheza kama anasali rozari.
"Itachukua saa nne," ananiambia. "Ukisikia kuwashwa, sema.
Ukisikia baridi, sema.
Ukisikia moyo unakwenda mbio, usinyamaze."

Nasikia. Nasikia harufu ya spiriti,
nasikia kiu, nasikia kiwanda kikikoboa kahawa ng'ambo ya barabara,
na ninamwaza Kundaeli.

Mtoto wa dada yangu Sifaeli, miaka sita sasa.
Alizaliwa bila kasoro ambayo mkunga angeiona:
vidole kumi, kilio cha kutosha, uzito wa kuringia.
Tulikuja kujua siku sufuria ilipoanguka jikoni.
Paka aliruka, mimi nikaruka,
yeye akaendelea kunyonya kidole.

Ndipo dada akakumbuka homa ya siku tatu, mimba ikiwa changa.
Alikunywa panadol, akarudi chekechea kule Kiboriloni
kupangusa makamasi ya watoto wa watu.
Nani angejua? Kirusi kilipita kwake
kama mgeni aliyebisha hodi kuomba maji tu,
akapewa, akashukuru,
kumbe macho yake yalikuwa kwenye chumba cha ndani.

Mimi nilirithi kazi ile. Nikarithi na makamasi.
Mwezi wa tatu wa mimba, homa ileile.
Ila safari hii Daktari Lyatuu alisema tupime,
na majibu yalipokuja alivua miwani kwanza.

Hakuniahidi kitu. Kwa hilo namheshimu.
Alisema ni utafiti, kuna waliosaidika, kuna ambao hatujui.
Alisema wapo watu ambao miili yao ilishapigana na kirusi hiki
ikashinda, na silaha ikazitunza;
walitoa damu, ikachujwa, zikabaki kingamwili.
Zitapita kwenye kondo, akasema, zitamfikia.
Karatasi zilikuwa kumi na moja. Nilisaini zote,
herufi zikinipinda.

Mume wangu aliuliza, "Damu za akina nani?"
Swali la haki. Sikuwa na jibu
ila la mfongo wetu kule Uru,
uliochimbwa na watu ambao makaburi yao yameshakuwa migomba.
Maji hushuka kwa zamu kutoka mashamba ya juu,
na anayefungulia hajui huku chini nani anamwagilia nini.
Baba alikuwa akisema: zamu yako ikifika, hata saa nane usiku,
beba jembe uende.
Maji hayamgojei aliyelala.

Basi hii ni zamu yako, wewe usiye na jina bado.
Amka. Fungua.

Jana jioni Kundaeli aliweka kiganja hapa, chini ya kitovu.
Akatulia, kama anavyotulia akisimama peku sakafuni
kiwanda kikinguruma.
Kisha akagusa sikio lake, akanyoosha kidole tumboni,
akainua nyusi: na huyu?

Ishara zangu bado za kubabaisha.
Nilimjibu kwa mabega: sijui.
Akacheka. Akanigonga tumbo mara mbili, polepole,
kama mtu anayeujua mlango.

Chupa imebaki robo. Nesi anarudi, ananishika mkono.
"Unasikia nini?"

Lugha yetu haina uchoyo na neno hili.
Njaa husikika, harufu husikika,
uchungu husikika, huruma nayo.
Sijui kama wewe utaisikia sufuria.

"Anagonga," namwambia nesi.
"Mara mbili."