Mwandiko Wangu

Nauza dawa Urambo, dukani kwa mjomba wa mke wangu.
Mlango wa bati, rafu za mbao, ndani joto na harufu
ambayo mwezi wa kwanza iliniumiza kichwa
na mwezi wa pili nikaacha kuisikia.
Hilo peke yake lingenitisha. Halikunitisha.

Kazi yangu ya pili ni kusoma.
Mteja ananyoosha chupa: Nisomee, baba.
Maandishi madogo kama mayai ya chawa,
lugha tatu, na hakuna hata moja
iliyowahi kulala Ukondamoyo.
Natafsiri ninachoweza, foleni ikinipumulia shingoni.
Fuvu halihitaji msomaji, nilidhani,
mpaka mkulima mmoja kutoka Usoke akaniuliza
kama ile ni picha ya mwenye kiwanda.
Tulicheka. Nikamrudishia chenji yake.

Bei naandika mwenyewe, kwa kalamu nene nyeusi.
Saba yangu ina mkanda kiunoni,
alivyotufundisha Mwalimu Nsolo, kwa fimbo.
Popote utakapoiona, utanijua.

Nimewaona wakichuma tumbaku na umande,
majani mabichi wameyapakata kifuani kama mtoto mchanga,
shati limelowa, limegandamana na ngozi,
na saa nne haijafika
Kalunde ameinama nyuma ya bani, anatapika.
Anafuta mdomo kwa kanga. Malaria tu hii, anasema.
Hapa kwetu kila kitu ni malaria tu.
Kutetemeka, malaria. Macho kuwasha, vumbi.
Mimba ikiharibika, kuna mkono wa mtu.
Wanautafuta mkono huo usiku kucha,
na mimi wangu nimeutia mfukoni.

Mwezi wa nane, tumbaku imeuzwa, deni la chama limekatwa,
Kalunde akamwoza mdogo wake.
Nilikwenda. Shati jeupe, zawadi ya sufuria.
Tukala ugali, kuku, mlenda uliovutika hadi kwenye kiwiko.
Katabi, mwanawe, miaka sita kama si saba,
akaja na dumu la lita tano, mikono miwili,
tumbo mbele, ulimi nje kwa juhudi.
Akanimiminia. Maji ya kisima, baridi hadi kwenye meno.
Nikanywa nusu kikombe.
Nikainua macho.

Dumu lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga na majivu,
linang'aa kama sahani ya wageni.
Lebo haipo. Fuvu halipo. Onyo halipo.
Kilichobaki ubavuni ni 47,500,
na saba ina mkanda.

Kalunde, nikasema, hili dumu.
Gumu hilo, akajibu kwa fahari, halivuji hata kidogo!
Nimeliosha mara tatu, kama ulivyonisomea.

Kama nilivyomsomea.
Nikakumbuka siku ile: foleni, simu ya mjomba inaita,
mtu anagonga kaunta kwa sarafu.
Suuza mara tatu, iliandikwa,
kisha toboa, usilitumie tena kwa chakula wala maji.
Mimi niliishia kwenye mkato.

Nikaomba msumari.
Wakadhani pombe imenipanda, wakanipa huku wanacheka.
Nikalitoboa kwa jiwe, palepale, mbele ya bibi harusi,
tundu moja, la pili, la tatu,
na vicheko vikapungua kimoja kimoja.
Katabi alisimama kaniangalia,
si kwa hasira, kama mtu anayetaka hesabu yake:
Sasa kesho nitachotea nini?

Maji yakatambaa kwenye udongo mkavu, yakatafuta mteremko.
Kuku wakayaona kabla yangu, wakaja mbio na vifaranga.
Nikawa nawafukuza, shu! shu!
shati langu jeupe limechafuka matope,
wanatawanyika, wanarudi,
wanatawanyika, wanarudi.