Herufi Iliyopinduka

Juni. Baridi ya Katuba inapenya chini ya mlango
na umeme umekatika tangu saa kumi.
Nimemsogezea baba mbabula miguuni,
na juu ya blanketi, mapajani pake,
nimemwekea karatasi kumi na mbili za picha:
kijitabu cha Antwerpen, miaka mia nne na zaidi,
kisicho na jina la aliyekichapa.

Wakati ule jina lilikuwa kitanzi.
Mchapaji aliweka mji wa uongo ukurasa wa kwanza,
mwaka wa uongo, nembo ya duka lisilokuwapo,
kisha, naamini, akaenda kunywa supu yake.

Miaka sita namtafuta mtu huyu.
Nimejifunza Kiholanzi cha kale kwa kamusi iliyotobolewa na mchwa.
Nimepima urefu wa mistari kwa rula ya mwanangu ya shule.
Profesa mmoja wa kule alinijibu kwa upole:
"Bi Kalumba, kazi hii haimaliziki ukiwa huko."
Huko.
Huko ndiko ilikotoka shaba, nilitaka kumwandikia.
Lakini wao walikuwa na shaba yao, kabla hawajatujua,
wakigonga ndani yake umbo la herufi,
wakiifanya kalibu, wakimimina risasi.

Risasi. Lugha yetu haikuona haja ya maneno mawili
kwa ile inayoua na ile inayosema.

Baba aliishika miaka thelathini na mmoja, misheni,
chini ya Bruda Lieven, Mflama mwenye masikio mekundu,
aliyehesabu herufi jioni kama muuza karanga
asiyemwamini mtoto wake.
Hajui neno hata moja la kijitabu hiki.
Anakisoma kwa ukucha.

"Hapa," anasema. "Na hapa. Na huku chini.
Hii n si n. Ni u, imesimama kwa kichwa."
Namwambia ni makosa, mpangaji alikuwa amelewa,
wataalamu wote wameandika hivyo.
Ananitazama kama aliyenilipia ada bure.

"Mlevi hukosea popote. Huyu anapindua mwisho wa ukurasa tu.
N zimemwishia. Kasha lake dogo.
Wewe unatafuta duka kubwa, mwanangu.
Huyu ni mtu na mke wake, chumba kimoja,
na mtoto amelala chini ya meza."

Mtoto simwandiki. Mtoto hana ushahidi.
Ila miaka sita imekaa kimya,
na makaa yanapasuka moja moja.

Kisha, bila kuulizwa:
"Mimi nilipindua moja kusudi.
Katekisimu ya hamsini na saba. Neno *utii*.
Ile u niliisimamisha kwa kichwa.
Wiki ile walikuwa wamemchapa kaka yangu mbele ya ofisi,
nami nikaingia kazini, kuchapa."
Akanyamaza, kana kwamba kitenzi kile
kimemkwama kwenye meno.

Bruda hakuona?

"Aliona. Aliweka kidole juu yake.
Akanitazama. Akapaka wino."

Nakala hatuna. Mama alifungia karanga kurasa zake
mwaka ule wa njaa, na wateja wakala,
wakaitupa ile *ntii* barabarani, mvua ikaja.

Saa nne usiku taa inarudi, nyeupe, bila adabu.
Baba amesinzia, kidole bado kiko juu ya n ya uongo.
Nafungua daftari. Nafuta sura ya tatu.
Nimekwama kwenye jambo dogo:
kanuni zao zinataka kitabu, mji, mwaka, ukurasa.
Naandika hivyo hivyo, warudishe wakitaka.

Tanbihi ya kumi na saba.
Kalumba Dezire, mpanga herufi. Kwa mdomo.
Katuba, kando ya mbabula.
Shahidi alilalamikia baridi ya miguu.