Jino la Arobaini na Nne

Waliniletea Gambogi baiskeli iliyochoka:
Blakimamba, fremu nzito, rangi imebaki chini ya tandiko tu,
na nyuma yake Keverenge, shati limemganda,
anahema kama aliyeubeba mlima wa Nyang'ori
badala ya kuupanda.
Magunia mawili ya omena, tangu Kisumu, kwa miguu.
"Muhonja," akasema, "nataka ijikokote yenyewe."

Pikipiki? Bei yake anaijua kwa moyo,
kama mtu anavyojua jina la aliyemkataa.
Alichokuwa nacho ni injini ya pampu
iliyonywesha nyanya za mjomba wake kule Ahero
mpaka Nyando ilipofurika ikailaza chini ya maji siku tatu.

Nikaifungua juu ya gazeti.
Tope jeusi la Kano likatoka taratibu kama uji uliosahaulika.
Pistoni imeng'ang'ania ukuta wake, haitaki habari.
Nikaimwagia dizeli, nikaenda kulala.
Asubuhi niliisukuma kwa mpini wa nyundo, ikaachia,
nami nikapiga kelele peke yangu, kuku wakaruka.

Dukani hakuna kitu cha kumfaa mnyama kama huyu.
Tangi: kizimamoto cha shule, tupu, kimekatwa shingo.
Bomba la moshi: mguu wa kiti.
Klachi: mkanda uliolegea, na kigurudumu cha kuukaza
ukivuta waya wa breki.
Obuya wa Kibuye akanikerezea bushi,
akanidai mia tatu na kicheko:
"Mama, unamwoza punda kwa nzi?"
Nikampa mia mbili. Kicheko nikamrudishia.

Ila gia ya nyuma,
hiyo niliikata mwenyewe katika sahani ya plau.
Meno arobaini na manne.
Nikaizungushia uzi, nikaukunja uzi: nusu, robo,
halafu nikakwama,
maana kumi na moja haikunjiki.
Nikagawa kwa jicho. Siku mbili za msumeno na tupa,
vumbi la chuma puani, chai ina ladha ya msumari,
jino baada ya jino, naenda nikijisifu,
hadi nilipofika mwisho nikakuta nafasi imepungua.
Jino la arobaini na nne likatoka jembamba,
kama la mtoto aliyeng'oka juzi.

Sikumwambia.

Jaribio la kwanza: cheni iliruka, ikamchapa kifundoni.
La pili: spoki sita, pa pa pa, kama bisi.
Nikamfumia nyingine nene kwa waya wa geti.
La tatu tulisimama chini ya mlima, magunia yamefungwa,
akapiga pedali mara nne, akavuta waya,
punda akamkubali nzi.
Moshi wa samawati. Wavulana wanakimbia pembeni.
Na mimi nyuma, sitazami watu,
nasikiliza: tak.
Kimya kidogo. Tak.
Kila gurudumu likizunguka, lile jino langu la aibu
linajitaja jina.

Alipanda. Mara mbili alisaidia kwa pedali, lakini alipanda.

Mvua zilipokwisha nikamkatia gia mpya.
Safari hii niliipima kwa cheni yenyewe,
meno yote ndugu wa tumbo moja.
Akaishika, akaigeuza juani, akaisifu,
akanirudishia.
"Kageha anainjika maji ya ugali akisikia ile tak,"
akasema. "Nikija kimya nitakula saa ngapi?"

Basi ile kamilifu inaning'inia msumarini mlangoni.
Jana mteja wa madirisha aliitazama sana,
akaniuliza kama ni saa ya ukutani.
Nikamwambia ndiyo,
ila mishale yake iko barabarani, inauza omena.