Sentimita Hamsini na Tano

Mhoja amenitumia picha kumi na saba:
dari la jasi, taa za kuzama,
ukuta wa runinga wenye rangi ya majivu,
sofa jeupe ambalo hakuna mtoto wa Isevya
angeruhusiwa kulikalia.
"Dada, msanifu ni wewe. Chora hivi."

Nimeshuka Tabora na treni ya alfajiri,
futi kamba mfukoni, penseli mbili,
na dharau kidogo, nakiri,
ya mtu aliyesomea majengo mbali na kwao.

Nimeanza mlangoni. Mninga.
Kitasa kinang'aa pale tu gumba linapotua,
kwingine kote ni kutu.
Kizingiti kimeliwa katikati kama mwiko wa zamani.
Ndani, kigoda cha miguu mitatu.
Sakafu hii imepinda;
kila kiti cha miguu minne tulichowahi kununua
kilicheza ngoma humu,
kigoda peke yake kikatulia.
Nimeandika pembeni: miguu mitatu haigombani na ardhi.
Kisha nimefuta. Mchoro si mahali pa methali.

Halafu lile dirisha la chumba cha bibi.
Upana arobaini, kimo thelathini,
na kutoka sakafuni: hamsini na tano.
Nimepima tena. Hamsini na tano.
Dirisha la nani hili, la paka?
Fundi Magandula alichekwa mtaa mzima,
wakasema alilijenga akiwa amelewa.
Mhoja anataka lizibwe,
ndipo itakapokaa runinga, inchi sitini na tano.

Penseli imeniponyoka, ikabingirika.
Nimelala ubavu kuifuata,
na nikiwa hapo chini, shavu juu ya saruji baridi,
barabara nzima imeingia chumbani.

Miguu.
Kandambili zilizolika kisigino upande mmoja.
Viatu vya shule vilivyopauka kwa vumbi.
Gurudumu la muuza asali, ndoo ikining'inia.
Mwanamke anayekanyaga kwa vidole
kana kwamba njia ni ya mtu mwingine.

Miaka tisa Bibi Nyamizi alilala hapa
kwenye kitanda kifupi cha kamba,
upande wa kushoto wa mwili wake umegoma.
Tulishangaa alivyojua mambo:
"Kabula anavuta miguu, hakupata michembe."
"Kijana wa posta kavaa viatu vipya. Ataoa huyo."
Tukasema ugonjwa umempa macho ya ndani.
Kumbe alikuwa na dirisha.

Kumbe Magandula alikuja na kamba,
akapiga magoti, akaweka jicho lake
karibu na mto, jicho la bibi lilipolala,
akafunga fundo moja. Basi.
Hakumweleza mtu.

Nimempigia Mhoja, nimesimulia yote.
Kimya.
Halafu: "Sasa runinga?"
Ukuta wa mashariki.
"Jua la jioni litaipiga."
Liipige.

Fundi vigae anauliza kutoka barazani:
"Vigae na saruji vitainua sakafu sentimita nne, dada. Sawa?"
Nimekaa kwenye kigoda, nimepiga hesabu.
Hamsini na moja.
Bibi hayupo. Kitanda kiligawiwa siku ya arobaini.
Hakuna atakayelala hapa kuhesabu kandambili.
"Chumba hiki usiweke," nimesema.
Anaguna, anajikuna shingo kwa kipande cha kigae.
"Patabaki kidaraja hapo mlangoni. Mtajikwaa."
Tutajikwaa.