Pointi Tisa

Inspekta Mashauri anataka jibu kabla ya saa nne.
Mtuhumiwa yuko chini, selo ya pili, anakohoa.
Mimi niko juu, madirisha nimeyafunga,
maana upepo wa ziwa ukiingia humu
unapeperusha unga, na kazi yangu yote ni unga.

Kioo kimetoka duka la nyavu, Mwaloni, Kirumba.
Hakikuvunjwa. Kiling'olewa taratibu,
kikaegemezwa ukutani kama sahani iliyooshwa.
Mwizi mstaarabu, alisema mwenye duka, akalia.
Nikakipitishia brashi, kwa upole
wa mtu anayempaka mtoto poda baada ya kuoga,
na kidole kikatokea.
Miaka kumi na tisa, na bado nashtuka:
mtu hayupo, na yupo.

Wengi hudhani tunasoma jina humo.
Hakuna jina. Kuna matuta,
kama ya viazi kule Magu baada ya mvua ya kwanza:
yanakwenda pamoja, yanafika mahali yanagawanyika,
moja linakufa katikati ya shamba bila sababu,
jingine linazunguka hadi lilikoanzia.
Kazi yangu ni kuhesabu mahali jembe liliposita.

Panda, kushoto kwa kitovu. Moja.
Tuta lililokatika. Mbili.
Kisiwa, kidogo kuliko vile vya mbele ya Bugando. Tatu.
Nahesabu hadi shingo inaniuma.
Nane. Tisa.
La kumi ni kovu.
Au ni vumbi.
Au ni hamu yangu ya kwenda nyumbani.

Marehemu Koplo Nyanzobe, aliyenifundisha,
alitaka kumi na mbili. Pungufu ya hapo, alisema,
funga lensi, kanywe chai.

"Tisa kwa kumi na mbili," anasema Inspekta,
"mtoto wangu akileta hiyo namnunulia baiskeli.
Halafu Doto tunamjua. Hata Kulwa kamtaja,
pacha wake mwenyewe!"
Kulwa anajua sura. Anajua na kikohozi.
Lakini tumbo moja, maji yale yale, miezi ile ile,
kila mmoja alitoka na shamba lake.
Na shamba hili, Afande, nusu yake limeliwa na unyevu.

Simwambii habari ya mama.
Jumanne nilimpeleka kusajili laini ya simu.
Kijana wa mwavuli, pale Igogo: "Bonyeza tena, mama."
Mama akafuta kidole kwenye khanga, akabonyeza.
"Tena." Akajaribu cha kati. Akajaribu cha mwisho.
Mashine ikakataa vyote kumi.
Miaka ishirini na saba kiwandani, mikono kwenye barafu,
akichuna sangara: minofu ikapanda ndege,
ikaondoka na alama zake. Sisi tukala mapanki.
Akacheka hadi kijana naye akacheka:
"Basi mwanangu, nikiiba hamtanikamata."
Njiani hakusema kitu.
Alikuwa akivisugua vidole gumba,
kama mtu anayepima kitambaa dukani.

Labda ni Doto. Siwezi kuapa kuwa siye.
Labda nyavu zile sasa hivi ziko majini
zinavua sato wasiojua kesi.
Lakini hakimu hataniuliza labda.

Naandika: *Alama haitoshi kulinganishwa.*
Inspekta anasoma akiwa amesimama,
anasoma tena, labda neno litabadilika,
anaondoka, mlango anauacha wazi.
Upepo unaingia. Unga unapaa.
Chini, mtu anakohoa.

Naokota fomu sakafuni. Pembeni, chini ya sahihi,
gumba langu limeacha doa jeusi,
safi, zima, tuta kwa tuta.
Hata bila lensi
nimeshafika kumi na nne.